Ofisi Shangani, nusu wanakuja nusu wako nyumbani, meza tuzipange vipi?

BintMalindi: Asalaam alaykum jamani. Tumepata ofisi kwenye nyumba ya zamani Shangani, Mji Mkongwe Zanzibar, watu 12 ila kwa siku wanakuja kama 6 tu wengine wanafanya kazi majumbani. Bosi anataka kila mtu na meza yake, miye naona tutajaza chumba bure. Na tukifungua Zoom walio nyumbani hawatusikii, mwangwi mtupu. Mnanishauri nini?

Fundi_Mikunguni: Waalaykum salaam. Meza za kushea, anaefika anakaa, lakini kila mtu apewe kikabati chake chenye kufuli maana mtu hapendi kubeba vitu vyake kila siku. Mwangwi ni kuta tupu na sakafu, tieni mapazia mazito na zulia, na maiki ikae katikati ya meza sio ile ya laptop iliyo mwisho wa chumba.

Yakhe_wa_Chake: Yakhe kabla ya meza angalia Wi-Fi!! Kuta zile za mawe na chokaa ni nene mno, Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz haipenyi, ya 2.4 GHz inajitahidi kidogo, bora uvute waya uweke akses pointi (kile kifaa cha kurusha Wi-Fi) kila chumba. Ila msianze kutoboa, Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, pateni ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza. Na saruji msipake kabisa, inafungia unyevu ndani plasta inabanduka.

BintMalindi: Shukran sana, fundi alikuwa ashataka kupaka saruji, nampigia sasa hivi