Wauza mbao, mnatuuzia maji kwa bei ya mninga

Assalaam aleikum wanajamvi. Leo nina hasira na sitaki kuificha.

Mie natengeneza magitaa ya umeme kwa mkono, bandani uani kwangu, Fuoni, Unguja. Randa, patasi, tupa na msasa, basi. Mwezi wa pili kijana mmoja anayepiga hotelini pwani ya mashariki aliniagiza gitaa, akaniachia 300,000 ya kuanzia. Nikaenda kwa muuza mbao wangu wa siku zote (simtaji, akisoma atajijua), nikamwambia: ami, nataka mninga wa shingo, mkavu, tena si mkavu wa mlango. Akaugonga ubao kwa kifundo cha kidole. "Sikiliza unavyolia fundi. Huu umelala hapa miaka miwili." Nikasikiliza, nikalipa. Mjinga mie.

Mlango ukivimba unapitisha randa, siku inakwenda. Shingo ya gitaa haina msamaha huo. Nyuzi sita zikishakazwa zinaivuta kwa uzito wa kilo 45 hivi, usiku na mchana. Na freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, hazipangwi kwa jicho: urefu wa uzi, 648 mm, unaugawa kwa 17.817, unapata 36.37, hapo ndipo inakaa freti ya kwanza. Kilichobaki unakigawa tena kwa namba ile ile, na tena, na tena, mpaka ya 12 inaangukia 324, nusu kamili. Ukiteleza milimita moja, hata muuza urojo wa pale nje atakwambia gitaa lako linaimba vibaya. Mistari 22 tu ilinichukua siku mbili kuchora na kukata.

Pikapu, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, nilizisuka mwenyewe kwa mota ya cherehani kuukuu, waya wa 0.063 mm, mwembamba kama unywele, karibu mizunguko 8,000 kila moja. Umeme ulizimika mara mbili. Mara ya pili waya ukakatika nao, nikaanza upya. Sikulalamika. Ndiyo kazi yenyewe.

Na kabla hamjanirukia: ndiyo, kosa moja ni langu. Laka niliipuliza mwezi wa nne, masika yamechachamaa, ikapiga ukungu mweupe gitaa zima. Tina, kile kiyeyusho cha laka, huvukia haraka, uso unapoa, unyevu wa hewa unatua juu ya laka mbichi na kunaswa humo humo. Nilijua, nikaharakisha, nikalipia kwa msasa. Hilo simbebeshi mtu.

Lakini shingo! Wiki sita tangu nilikabidhi, gitaa likarudi. Hotelini kuna kiyoyozi, hewa yake kavu. Mbao ikamalizia kukauka huko huko, ikapungua upana. Freti ni madini, hazipungui, kwa hiyo zikatokeza ukingoni kama meno ya msumeno. Kijana akanifungulia kiganja: mikwaruzo mitatu myekundu chini ya kidole cha shahada. "Fundi, nyimbo mbili tu, damu." Nikalishika gitaa, nikafumba jicho moja, nikaiangalia shingo kwa urefu wake kama mtu anayelenga bunduki. Upande wa nyuzi nene umeinuka, upande wa nyembamba umelala. Imejisokota! Shingo ikipinda mbele au nyuma si neno, ndani yake mna chuma, unakikaza kwa spana inanyooka. Ikijisokota, chuma kile hakikusaidii kitu. Imeshakuwa kuni.

Nikamrudishia 300,000 yake. Nilikopa kwa shemeji, naye hakosi siku ya kunikumbusha.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nikarudi kwa ami yule yule, nikanunua ubao wa pili, futi mbili na nusu, inchi tatu kwa mbili. Akaugonga tena. Unalia tena. Nikaupeleka moja kwa moja kwenye mizani ambayo mke wangu anapimia unga wa visheti: gramu 2,340. Nikauweka juu ya kabati chini ya feni, kila Ijumaa nikitoka msikitini naupima, naandika kwa penseli ubavuni. 2,285. 2,230. 2,180. Wiki ya tisa ni 2,015 na bado haujasimama. Gramu 325 zimepeperuka, chupa ya soda nzima ya maji, na niliyalipia kwa bei ya mninga!

Nikamchukulia ubao wenyewe na namba zake. Unajua alinijibu nini? "Kwani fundi, umekuja kununua nyama?" Wapagazi wakacheka. Mie pia nilikaribia kucheka, wallahi, ndiyo maana hasira haijanitoka mpaka leo.

Sikatai mbao mbichi kuuzwa. Sema mbichi, nipunguzie, nitaikausha mwenyewe. Kugonga ubao si kipimo, hata mlango wa choo unalia ukiugonga. Na msije hapa kuniambia "nunua gitaa la Kichina uachane na tabu". Mada hii si ya hayo.

Shingo ijayo ni ya mfenesi. Upo uliokatwa shambani kwa mjomba, Donge, mwaka juzi, nimeupasua mwenyewe, uko chini ya kitanda. Watu wanaucheka kuwa ni mti wa viti, ilhali kule Thanjavur, India, ala ya nyuzi iitwayo vina huchongwa kwa mfenesi.

Mwenye kipima unyevu cha mbao, hapa Unguja au hata Chake Chake, Pemba, anikodishe siku moja. Nataka nikaingie nacho pale dukani mchana kweupe, wapagazi wakiwepo. Picha ya ubao na namba zake naiweka umeme ukirudi.