Naomba ushauri: nataka kwenda kufundisha Kifaransa Louisiana, nianze na cheti gani?

Kijana wa Ngaramtoni (12 Machi 2024)
Wakuu habari za majukumu. Niende moja kwa moja maana siku zimebaki chache. Kuna nafasi za walimu wa Kifaransa Marekani, jimbo la Louisiana, zile za viza ya J-1, ya mpango wa kubadilishana walimu. Mimi niko Arusha, miaka 31, nina digrii, nina DELF B2 (cheti cha Kifaransa), na Kifaransa nakiongea karibu kila siku. Kuna mtu ananisaidia kufuatilia, kaniambia nichague, ama nifanye kwanza Praxis ya Kifaransa, ule mtihani wa leseni ya ualimu Marekani, ama nipeleke vyeti vikafanyiwe tathmini, yaani vilinganishwe na vya kwao, halafu Praxis nikaikute hukohuko. Na hiyo tathmini wanataka ya somo kwa somo au ya jumla tu? Maana bei hazilingani. Wiki ya pili hii usingizi sina, naangalia dari mpaka adhana ya alfajiri na mimi hata si Muislamu. Wenye uzoefu naombeni, matusi baadaye.

Kiboko ya Mabosi
Marekani unafuata nini mkuu. Chukua heka 20 Kiteto ulime alizeti, utakuja kunishukuru.

mama_Zuu
Kaka mimi ya Marekani siyajui ila Kifaransa nilisoma form one na form two. Mwalimu alikuwa mmoja shule nzima, akaenda likizo ya uzazi hakurudi, tukaishia kwenye je m'appelle. Mpaka leo nikikutana na Mfaransa namtajia jina langu halafu tunabaki tunaangaliana. Walimu wa Kifaransa bakini hapahapa jamani, mnatuachia nani?

Ticha wa Ughaibuni
Mimi nipo North Carolina mwaka wa tatu, nafundisha hisabati kwa hiyohiyo J-1. Mdogo wangu sahau Praxis kwanza, umeanzia mkiani. Wanaangalia hivi: uwe na digrii inayolingana na ya kwao ya kwanza, uwe unakidhi sifa za kufundisha huko kwenu, uwe umefundisha full time miaka miwili isiyopungua, na siku unaomba uwe bado unafundisha. Ukipita hapo ndo jimbo linakuja na masharti yake ya cheti. Tathmini fanya ya somo kwa somo, ile ya jumla inasema tu una digrii, haisemi ulisoma nini. Na transkripti chuo ndo kinatuma, wewe ukituma mwenyewe hawaipokei. Mimi chuo kilinizungusha wiki 11, kila nikienda mhusika yuko semina.
Sasa nijibu. Digrii yako ya nini, na sasa hivi unafundisha wapi?

Kijana wa Ngaramtoni
Asante sana kiongozi. Digrii ni ya chuo kinachotambulika na TCU, haina shida. Kufundisha nimefundisha. Kwa hiyo Praxis naweza kuiacha kwanza?

Ticha wa Ughaibuni
Nimeuliza digrii ya NINI.

mama_Zuu
Hahaha jibu swali baba.

Kijana wa Ngaramtoni
Sawa. Ni BA ya Utalii. Kifaransa nilichukua miaka mitatu kama somo la ziada, DELF nikaja kuifanya baadaye. Baada ya chuo nilifundisha Kifaransa shule moja ya binafsi kuanzia Januari 2020 mpaka Machi 2021, miezi 14, halafu nikaingia kuongoza watalii. Wageni wangu wengi ni Wafaransa na Wabelgiji, kwa hiyo ukiangalia vizuri bado nafundisha tu, mtu yuko kwenye gari siku saba namwelezea kila kitu kwa lugha yake, huo sio ualimu? Mkuu wa shule ni mshkaji, amekubali kuandika barua kwamba nipo pale tangu 2020 mpaka leo. Yule mtu wangu anasema hiyo ni kawaida, kila anayeenda anafanya hivyo. Na msije na habari za kuacha maana nimeshauza gari yangu, Noah, hela ya tathmini na ya huyo mtu nimeshalipa nusu. Mimi nilichouliza ni Praxis tu.

Wakili wa Vumbi
Ooh kumbe. Ndugu yangu hiyo barua ndio uzi wenyewe, Praxis umeiweka kama pazia. Ukikamatwa umedanganya ili upate viza hawakwambii nenda urudi mwakani, unafungiwa maisha, uje uombe hata ya kwenda harusi ya mwanao wanakutolea faili. Na konsuli pale Dar akipiga simu shuleni akapokea mlinzi akasema huyo mbona aliondoka zamani? Mlinzi hajapewa script.

Mzee wa Kumbukumbu
Siku hizi vijana hamna subira. Sisi mwaka 1984 tulipelekwa kufundisha porini kabisa, mshahara unafuata wilayani kwa baiskeli, na hatukulalamika.

Kiboko ya Mabosi
Mzee baiskeli imeingiaje hapa 😂

OtienoWaKisumu
Mimi ni Mkenya lakini hii Louisiana nimewahi kuisoma, inachekesha. Hao watu walikuwa wanaongea Kifaransa nyumbani toka enzi, halafu katiba yao ya 1921 ikasema shuleni ni Kiingereza tu, watoto wakawa wanaadhibiwa wakiongea lugha ya nyanya zao. 1968 wakastuka lugha inakufa, wakaunda CODOFIL, shirika la jimbo la kukuza Kifaransa, ndio hao mpaka leo wanatafuta walimu kutoka nje. Si ni ile disk yetu? Mimi nilivalishwa disk darasa la nne kwa kusema neno moja la Kijaluo, kibao kinanuka jasho la shule nzima, unakivaa shingoni mpaka umsikie mwenzako akikosea umpatie. Nilimvizia binamu yangu msalani. Hadi leo haniongeleshi vizuri.

Papa Kalemie
Bandugu, miye niko Lubumbashi, nimefundisha primaire miaka 19. Munamuuliza huyu ndugu mambo ya makaratasi, hakuna mwenye anamuuliza kazi yenyewe. Kule Louisiana mingi ni immersion, maana yake hufundishe Kifaransa tu, unafundisha calcul, sayansi, yote mu Kifaransa, na batoto badogo. Swali moja: mueleze mtoto wa miaka munane, kwa Kifaransa, namna ya kuondoa 48 mu 103. Andika hapa.

Ticha wa Ughaibuni
Swali la haki hilo. Nimalizie na langu: kwa hapo ulipo hata Tanzania hujakidhi sifa, maana huna ualimu. Toka Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya 2018 mambo yamekazwa, mwenye BA ya kawaida aende PGDE, ile stashahada ya uzamili ya ualimu. Chuo Kikuu Huria wanayo, unasoma huku unaongoza watalii wako. Halafu rudi darasani miaka miwili ya kweli. J-1 ya walimu haina ukomo wa umri, utaenda na 34 au 35. Ukifika ni miaka mitatu, wakiongeza sana mitano.

Kijana wa Ngaramtoni
Miaka mitatu kiongozi? Mwanangu anaanza la kwanza mwakani. Na nafasi zenyewe zitakuwepo? Nyie mlioko huko mkishapita mnafunga geti.

Ticha wa Ughaibuni
Geti sijalijenga mimi.

Jicho la Tai
Wakuu samahani, hivi mnanyweshwa chai na mnaongeza sukari. Kwanza hesabu. Januari 2020 mpaka Machi 2021 anasema miezi 14. Shule zote zilifungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa corona, ukitoa form six zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Toa hiyo, imebaki 11 hata haitimii. Pili, mapema 2021 Wafaransa wa kuongoza kawatoa wapi dunia nzima iko ndani? Tatu, huyuhuyu Oktoba mwaka jana alifungua uzi hapa anauliza dawa ya kideri, ana vifaranga 300 Morogoro. Leo ni mwalimu, jana mfugaji, kesho rubani. Kamba tupu hii, anapima upepo aje atuuzie "mtu wa kufuatilia viza" PM.

mama_Zuu
Jamani! Na mimi nilishaanza kumuonea huruma.

Kiboko ya Mabosi
Kumbe ndo maana alizeti kaipita kimya.

Kijana wa Ngaramtoni
Vifaranga ni vya shemeji, akaunti tunatumia wote, alikuwa kwangu likizo. Watalii 2021 walikuwepo, nchi yetu haikufunga, uliza guide yeyote Arusha, walikuwa wachache ila walikuja na ndio maana waliochukuliwa ni wenye lugha. Hiyo ya corona kweli, shule ilifungwa na mshahara ulikata, sikuihesabu. Sijaja kuuza kitu.

Jicho la Tai
Basi jibu la mzee wa Lubumbashi. Dakika kumi, bila Google.

Papa Kalemie
Miye nangoja.

Wakili wa Vumbi
Dakika 25 hizi…

Jicho la Tai
Chai imepoa 😂

Kijana wa Ngaramtoni
Nimeandika nimefuta mara nne. "On ne peut pas enlever huit de trois, alors on…" yaani nane haitoki kwenye tatu, kwa hiyo… hapo nimekwama, hiyo ya kukopa kumi kwa jirani sijui wanaisemaje. Nyumbu wakivuka Mara naweza kukueleza kwa Kifaransa dakika arobaini sijapumua, kwa nini chui anapandisha swala juu ya mti, mimba ya tembo miezi 22, yote. Kutoa kwa kukopa sijawahi kuihitaji.

Papa Kalemie
Inaitwa retenue. Na kule kwenye sifuri ndiyo batoto balilia sana. Jicho, huyu ndugu si muongo, mwanzo wa sentensi yake ni wa mtu mwenye anajua luga. Lakini mwalimu bado.

Jicho la Tai
Sawa, nusu chai.

Ticha wa Ughaibuni
Huyo mtu wako ulimlipa kwa risiti? Ile nusu iliyobaki usiitoe.

Kijana wa Ngaramtoni
Risiti hamna, nilimtumia kwa simu. Kesho naongea naye. Barua ya mkuu wa shule bado haijapigwa mhuri, nilikuwa niifuate Ijumaa.

Kiboko ya Mabosi
Mkuu hiyo Noah ulimpa nani na kwa ngapi? Kama kadi bado hamjabadilisha nicheki, kuna shemeji yangu anaitafuta kweli.