Nimekimbia kilomita 42, usingizi umegoma

Mkimbia Jioni: Wakuu, jana nilikimbia Kilimanjaro Marathon. Kile kilima cha Mweka kimeninyoosha haswa! Usiku nimegeukageuka kitandani hadi adhana ya alfajiri. Miguu inawaka, moyo unadunda. Tatizo nini?

Mama Joging: Pole kaka. Adrenalini na kotisoli, homoni za msisimko na mkazo, bado zilikuwa juu, na joto la mwili halijashuka. Oga maji ya uvuguvugu, kunywa maji, kula wali wako. Njiani ulikunywa kola?

Mkimbia Jioni: Kila kituo, dada. Jioni kahawa kijiweni, si unajua tena stori za mbio.

Mama Joging: Ehee! Kafeini, ile ya kwenye kola na kahawa inayofukuza usingizi, huchukua kama saa 5 kupungua mwilini nusu tu.

Babu Mbio: Na ibuprofen, ile dawa ya maumivu, usibugie, figo zimeshachoka. Mkojo ukiwa rangi ya kola, wahi hospitali.