Gari nililolijenga mwenyewe limekataliwa mara tatu kwa sababu ya taa, na makosa yote yalikuwepo siku ya kwanza

Ndugu wadau wa magari ya kujijengea,

Nimesubiri wiki mbili hasira zipoe ndipo niandike, na hazijapoa. Gari nililoliunda kwa mikono yangu, kuanzia chasisi hadi bodi ya faiba, limerudishwa kwa mara ya tatu kutoka kwenye ukaguzi. Breki zimepita, usukani umepita, mikanda imepita, na hata kulehemu kwangu, ambako ndiko nilikokuwa nakuogopa, hakukutiwa dosari. Kilichonikwamisha mara zote tatu ni taa.

Niseme mapema kwamba siilalamikii sheria yenyewe. Kanuni Namba 48 ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi nyingi zimeichukua katika sheria zao, inaeleza kila taa ikae wapi, iwe na rangi gani na ionekane kutoka upande gani, na karibu kila kipimo ndani yake ukikitafakari unakiona kina maana. Ninacholalamikia ni kwamba niliingiza gari kituoni likiwa na makosa matatu, nikaonyeshwa moja, nikalipa, nikaenda kubomoa na kujenga upya, nikarudi nikaonyeshwa la pili, nikalipa tena, na la tatu vivyo hivyo, wakati yote matatu yalikuwa mbele ya macho ya mkaguzi yule yule tangu asubuhi ya kwanza.

Kosa la kwanza lilikuwa kimo cha taa za dimu, yaani taa za mbele zenye mwanga unaoelekezwa chini. Sheria inataka zisiwe chini ya milimita 500 kutoka ardhini wala juu ya milimita 1,200. Mimi nilitumia taa za duara zenye kipenyo cha milimita 178, na nilipokuwa nafinyanga bodi nilipima hadi katikati ya balbu, nikapata 560, nikalala usingizi mzuri. Mkaguzi akapiga goti, akasimamisha futi yake sakafuni, na kidole chake hakikwenda katikati ya balbu. Kiligusa ukingo wa chini wa sehemu inayotoa mwanga. Futi ilisoma 475. Kwa upungufu wa milimita 25, upana wa vidole viwili, nililazimika kukata madigadi zote mbili za mbele, kuzifinyanga upya na kuzipiga rangi. Wapo watakaoniambia kwamba ningeinua springi siku ya ukaguzi na kuzishusha nikifika nyumbani. Najua ujanja huo unafanyika, lakini anayeufanya anaendesha usiku akiwa na taa ambazo hakuna aliyezikagua katika kimo chake halisi.

Narudi mara ya pili, naambiwa indiketa za mbele hazionekani vizuri kutoka pembeni. Indiketa inatakiwa ionekane nyuzi 80 kuelekea nje na nyuzi 45 kuelekea ndani, na mimi nilikuwa nimeizamisha ndani ya tundu lenye ukingo kwa sababu ya urembo, hivyo mtu akisimama pembeni anauona ukingo wa faiba na haioni taa. Hapo nakiri kosa ni langu. Lakini, jamani, ukingo huo ulikuwepo siku ile alipopiga goti kupima taa ya dimu iliyo jirani yake kabisa! Tena alipokuwa akinieleza akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba indiketa yangu iko milimita 30 tu kutoka kwenye dimu, na kwamba ikiwa chini ya milimita 40 lazima iwe ya daraja lenye mwanga mkali zaidi, kwa kuwa dimu ikiwaka usiku inaimeza. Ni sababu nzuri sana, na ningeipokea kwa shukrani kabla sijazijenga madigadi kwa mara ya pili.

Mara ya tatu ilikuwa taa ya ukungu ya nyuma. Hii haitakiwi kuwa karibu na taa ya breki kwa chini ya milimita 100, kwa sababu zote ni nyekundu na kali, na dereva aliye nyuma yako kwenye ukungu asipoweza kuzitenganisha hatajua kama unafunga breki au unaendelea na safari. Yangu ilikuwa milimita 85. Namshukuru Mungu nilikuwa nimeiweka upande wa katikati ya barabara, inavyotakiwa kama taa ya ukungu ni moja, la sivyo ningerudishwa mara ya nne kwa hilo pekee.

Katikati ya safari hizo kuna muuzaji wa vipuri ambaye simtaji jina. Aliniuzia taa za nyuma za LED zilizoandikwa kwenye tangazo kwamba ni halali barabarani popote. Zilipofika, kioo kilikuwa na herufi DOT peke yake. Kwa asiyejua, herufi hizo ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe kwamba taa inatimiza masharti ya Marekani. Hakuna mamlaka ya serikali iliyoipima kabla na kuipitisha. Katika nchi zinazofuata kanuni za Umoja wa Mataifa inatafutwa herufi E ndani ya duara ikifuatiwa na namba, na namba hiyo hutaja nchi iliyotoa kibali, wala haina uhusiano na ubora, ingawa wauzaji wengine husema E1 ni bora kuliko E4. Sehemu ya indiketa katika taa hizo ilikuwa nyekundu, jambo ambalo Marekani inaliruhusu kwa indiketa za nyuma, lakini kwetu sisi wa Kanuni 48 lazima iwe ya rangi ya chungwa. Nilizirudisha, nikanunua nyingine zenye alama sahihi, na indiketa za hizo nazo zikaanza kupepesa kwa kasi kama zimeingiwa na wazimu, kwa kuwa LED hula umeme kidogo na rilei ya zamani, kifaa kinachozifanya indiketa zipepese, hudhani balbu imeungua. Kiwango ni mipepeso 60 hadi 120 kwa dakika. Nilibadilisha rilei mwenyewe, kwa gharama ndogo, kabla ya kwenda kituoni, na hilo ndilo jambo pekee katika mkasa huu nililolimaliza bila kutukanana na mtu.

Nilipouliza kwa nini sikupewa orodha nzima ya kasoro siku ya kwanza, nilijibiwa kwamba ukaguzi husimama pale gari linapoanguka. Nikauliza kama kuna karatasi yenye vipimo vyote ambayo mjenzi anaweza kupewa kabla hajafinyanga bodi. Nikaambiwa nikasome kanuni. Nimeisoma sasa, jioni baada ya jioni, futi ikiwa mkononi, nikilizunguka gari langu gereji kama mkaguzi wa pili.

Na juzi usiku, katika kulizunguka huko, nilifika kwenye riflekta nyekundu za nyuma, zile zisizo na balbu ambazo hung'aa zikimulikwa na taa za gari jingine. Nilizipachika karibu na kibao cha namba kwa sababu zilipendeza pale. Sheria inataka ukingo wake wa nje usizidi milimita 400 kutoka ubavu wa gari, ili gari lililozimika gizani bila umeme lionyeshe upana wake. Zangu ziko milimita 430. Gari limekaguliwa mara tatu na hakuna aliyezitaja. Naomba mliowahi kufaulu mniambie: mliwezaje kumfanya mkaguzi apime taa zote kwa siku moja na kuandika kila kasoro kwenye karatasi moja, au nizing'oe kimya kimya leo hii na kuendelea kujikagua mwenyewe?