Naomba ushauri: kejeli zangu kwa kocha zimemponza mwanangu

Habari zenu wakuu. Naishi Chicago, na jirani ndiye aliyeniambukiza ugonjwa wa White Sox, timu ya besiboli. Msimu wa 2024 ulitutoa jasho: mechi 162, tukapoteza 121, tukaipita hata ile aibu ya New York Mets ya 1962, waliopoteza 120. Kuna kipindi tulifungwa mara 21 mfululizo! Kocha alitimuliwa Agosti, wala hatukupona.

Basi sebuleni kila usiku kazi yangu ilikuwa kumkejeli. Mrushaji wetu, yule anayemrushia mpinzani mpira, kachoka mkono, mipira inapigwa mpaka jukwaani, kocha katulia kibandani kama anasubiri daladala. Nikambatiza "Mzee Subira". Kumbe mwanangu wa miaka minane ananasa kila neno.

Juzi timu yao ya watoto imefungwa, akamwambia kocha wao mbele ya wazazi: "Mzee Subira, hata bibi yangu angebadilisha mrushaji." Watu walicheka. Yule bwana, anayejitolea bila hata senti, hakucheka.

Nikamwombe radhi vipi? Nikiri kwamba jina limetoka kwangu? Na mtoto nimwadhibu kwa kosa langu? Mke wangu anasema nianze kwa kuzima runinga.