Ushauri: Nampeleka baba Old Moshi pamoja na wajukuu zake, tupange vipi?

Mama Neema

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wenyeji wa Kilimanjaro na kwa yeyote aliyewahi kutembea vile vijiji vya mlimani kwa miguu. Sizungumzii kupanda kileleni, nazungumzia vijijini.

Baba yangu ana miaka 76. Kwao ni Old Moshi, ila aliondoka kijana kwenda kutafuta kazi Tanga, baadaye akahamia Dar. Mara ya mwisho kupanda kule ilikuwa msiba wa dada yake, miaka 19 iliyopita. Mwezi uliopita mwanangu wa darasa la sita alikuwa anasoma daftari la historia kwa sauti, akafika pale Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, aliponyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Baba alikuwa kwenye kochi, sote tukijua amesinzia. Akasema bila kufumbua macho, "Tarehe 2 Machi. Mti bado upo." Kisha akaanza kumwelekeza mtoto: unapanda kutoka Kiboriloni, unaacha barabara, unavuka mfongo (mfereji wa maji), unapita migomba ya babu yako. Aliongea dakika ishirini. Mimi binti yake nina miaka 44 na sikuwahi kusikia hata nusu ya hayo.

Kwa hiyo nataka kumpeleka, yeye na watoto wangu wawili (miaka 12 na 9), siku tatu Desemba hii. Tuone mti, tuone mapango ya Wachagga, na watoto watembee njia alizopita babu yao akienda shule. Tatizo ni goti lake la kulia. Tambarare anatembea na fimbo vizuri, mteremko ndio unamtesa. Je, inawezekana? Tuanzie wapi? Na ni lazima kuwa na mtu wa kutuongoza ilhali mzee mwenyewe ni mwenyeji?

Mkaa Kihambani

Karibu nyumbani dada, na mpe mzee shikamoo yangu.

Inawezekana kabisa, ila usipange kwa kuangalia ramani ya simu. Ramani inakuonyesha kilomita moja, kumbe katikati kuna korongo: unashuka mpaka mtoni, unavuka, unapanda upande wa pili. Goti la mzee halitaumizwa na umbali, litaumizwa na makorongo. Huku kwetu vijiji vimekaa kwenye migongo ya milima na mito inapita kati yake. Ukitembea kufuata mgongo, kupanda au kushuka taratibu, mzee ataweza. Ukikata kuelekea kijiji jirani, hapo ndipo shida.

Kwa hiyo nendeni na gari hadi Tsuduni kwenye mti. Ni mgunga, na karibu yake kuna sanamu ya Mangi Meli, huwezi kupotea. Mshushe mzee hapo asubuhi akiwa hajachoka. Msianze na maporomoko ya maji halafu mkamfikisha kwenye mti akiwa anahema. Baada ya hapo rudini nyuma kwa miguu taratibu, gari likiwafuata.

Kuhusu kuongozwa, nakushauri mchukue kijana wa kijijini. Miaka 19 ni mingi. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba, vimegawanywa kwa watoto na wajukuu, watu wamejenga, njia nyingine zimefungwa kwa ua. Mzee atasema "tupite hapa" na hapo sasa ni ukuta wa mtu. Akiwepo kijana atapiga hodi, mtapitishwa. Na mkipita kihambani mkaona masale yamepandwa mstari, wafundishe watoto wasiyang'oe wala kuyachezea. Ule ndio mpaka wa watu, na pengine chini yake kuna kaburi la mkubwa wa nyumba.

Tope Jekundu

Mimi nitasema tofauti, na naomba usinichukie. Mwaka juzi nilimpeleka mama mkwe kwenye maporomoko upande wa Uru, tena mwezi huohuo wa Desemba. Ilinyesha usiku. Asubuhi jua likawaka, tukaona mambo mazuri. Ule udongo mwekundu juu umekauka, chini yake ni kama sabuni. Aliteleza hatua tatu tu kutoka njia kuu, akavunjika kifundo cha mkono. Aliyekuwa anatuongoza tulimwokota stendi ya mjini, na tulipofika katikati akadai aongezewe hela kwanza ndipo aendelee. Tulimbeba mama kwenye kiti cha mbao, vijana wanne wa pale kijijini wakisaidia, na hao hawakudai kitu.

Kama ni lazima aende, ahirisha hadi Juni. Masika yanakuwa yamekwisha, shule zimefungwa, njia zimekauka. Desemba bado kuna vuli, mabasi yamejaa, nyumba za wageni zimejaa, Wachagga wote wanarudi kwao.

Mkaa Kihambani

Pole sana kwa mama mkwe, na hayo ya Juni ni kweli kwa upande wa njia. Lakini hilo la watu kurudi kwao mimi naliona ndilo la kumpeleka Desemba. Juni atakuta nyumba zina mlinzi na ng'ombe. Krismasi atakuta wenzake aliosoma nao, waliobaki. Hao ndio watakaomwambia mfongo wa ukoo wao bado unatiririka au umekauka. Dada, mpeleke kati ya tarehe 27 na 30, mvua ikinyesha asitoke nje ya barabara. Wazee watamfuata yeye pale alipo.

Mwalimu wa Historia

Naomba niongezee upande wa watoto, kwa sababu wakifika kwenye mti bila maandalizi wataona mti tu.

Waanzishie kwenye jina. Old Moshi ndiyo iliyokuwa Moshi. Mangi Rindi alipoingia mkataba na Wajerumani mwaka 1885 makao yake yalikuwa huko juu. Reli kutoka Tanga ilipofika bondeni mwaka 1911, mji ukaifuata reli, jina likashuka nao, na kule juu kukabaki kunaitwa Old. Wakiwa kwenye gari wanapanda, waambie wanatoka Moshi mpya kwenda Moshi yenyewe.

Rindi alifariki mwaka 1891, mwanawe Meli akashika nafasi yake akiwa kijana mdogo. Juni 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Hili vitabu vya shule hulipita haraka, na mimi hulikalia kipindi kizima. Wajerumani walirudi Agosti 1893 na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda. Mwaka 1900 wakamtuhumu kupanga uasi, wakamnyonga pamoja na watu wengine 18, wakiwemo viongozi kutoka Meru na Arusha. Kichwa chake kilikatwa, na ukoo wake umekitafuta Ujerumani kwa miaka mingi. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba kwenye mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin vilimtambua Akida, mshauri wake. Fuvu la Meli mwenyewe halikupatikana.

Mtoto wa miaka 9 anaweza kuambiwa hayo. Niliwahi kupeleka wanafunzi wa darasa la saba, wakafika wanasukumana kama kawaida yao. Binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo hapa hakuna kaburi?" Wakanyamaza wote. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko ratiba yangu ilivyoruhusu. Mwache mzee aongee kwanza, kijana wa kuongoza aongee baadaye.

Binti wa Marangu

Mama Neema, kuhusu mapango: yaweke siku ya pili, na yaweke huku kwetu Marangu. Mnapita Himo, lami hadi Marangu Mtoni.

Mapango yenyewe ni mahandaki yaliyochimbwa na wazee wetu kujificha wakati wa vita, Wamasai wakija kuchukua ng'ombe au mangi mmoja akimvamia mwingine. Ndani mlango ni mdogo, unaingia umeinama, mahali pengine unatembea umechuchumaa. Kuna sehemu ya watu, sehemu ya ng'ombe, na matundu ya hewa. Mzee asiingie, goti lile litamgomea katikati na hakuna pa kugeukia. Abaki juu kivulini. Watoto wavae nguo za kuchafuka na kila mmoja awe na tochi yake, siyo tochi moja ya familia. Mwanangu alipozima ya kwake kwa makusudi ili ajue giza lilivyokuwa, alinishika mkono na hakuniachia hadi nje.

Kisha nendeni maporomoko ya Kinukamori, karibu tu na Mtoni. Simulizi ya pale ni ya msichana Makinuka, aliyepata mimba kabla ya kuolewa akaja kujitupa. Akabadili mawazo, kugeuka akakutana na chui, akaanguka. Kushuka chini ya maporomoko kuna ngazi na zinalowa, mzee aangalie kutoka juu.

Mkiwa na muda, Kilema ni jirani. Mapadri wa Kikatoliki wako pale tangu mwaka 1890, na Mangi Masaki wa Kilema ndiye aliyempokea mmisionari Rebmann mwaka 1848, yeye aliyeandika kwamba juu ya mlima kuna theluji na wasomi wa London wakambishia. Mlima wenyewe mkitaka kuuona, amkeni kabla ya saa moja asubuhi. Saa nne umeshajifunika.

Mama Neema

Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Tope Jekundu, sikukasirika hata kidogo, mama mkwe wako amenifanya ninunue viatu vyenye meno kwa wote wanne.

Nimemsomea baba. Nilipofika kwenye hoja ya kuahirisha hadi Juni alitikisa kichwa. Nilipofika kwenye wazee watakaokuwa nyumbani Krismasi aliomba simu, akapiga kwa binamu yake, wakaongea Kichagga nusu saa. Mara kwa mara nilisikia "aika, aika", yaani asante. Kwa hiyo tunakwenda tarehe 27. Siku ya kwanza mti, kwa gari. Siku ya pili Marangu. Siku ya tatu nimeiacha wazi akae na watu wake.

Swali la mwisho. Baba anasema walipokuwa watoto walikuwa wanapanda hadi msituni kukata majani ya ng'ombe, anataka kuwaonyesha wajukuu ukingo wa msitu. Inaruhusiwa?

Mkaa Kihambani

Ukingo mtauona bila shida, vihamba vinaishia hapohapo. Msivuke tu. Tangu mwaka 2005 msitu wote ule umeingizwa kwenye hifadhi ya taifa, kuingia ni kwa kibali na kiingilio. Zamani kulikuwa na ile nusu maili ya msitu waliyotumia wanakijiji, hiyo ndiyo mzee anayoikumbuka. Mwambie ukweli huo kabla hamjafika, asije akausikia kwa askari mbele ya wajukuu. Na mnibip mkifika Kiboriloni, nitakuja na gari dogo lililoinuka, hilo lenu la mjini liacheni pale.