Siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, inajulikana, onyo la mvua limetolewa, na mitaro bado imeziba. Mombasa tunafanyiwa nini?

Jamani, leo msinitafutie adabu. Tumelala tukichota maji ndani kwa ndoo na masufuria, watoto wamepandishwa juu ya meza, halafu asubuhi nafungua redio namsikia mkubwa mmoja akisema mvua "ilikuwa nyingi kupita matarajio", tuvute subira, ni kudra. Kudra hatuikatai, sisi ni watu wa dini. Lakini si kudra iliyojaza kalvati matope na chupa za soda tangu mwaka jana.

Matarajio ya nani hayo yaliyopitwa? Kaskazi ikiisha, bahari hii yetu inakuwa imepikwa na jua miezi mitatu, maji yake yanafika nyuzi 29 hivi, hewa imebeba unyevu mpaka shuka zinakataa kukauka. Hapo ndipo mawingu yanapanda na ngurumo zinaanza. Baada yake inaingia masika, na kwa Mombasa mwezi wa tano ndio unaoongoza kwa mvua mwaka mzima. Mambo haya kila bibi wa Kisauni anayajua. Idara ya Hali ya Hewa nayo ilitoa onyo lake mapema, lile la mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24, Pwani ikatajwa kwa jina. Mimi nililipata kwenye simu kabla hata tone moja halijaanguka. Wakubwa wa mitaro hawana simu?

Na bamvua je? Ratiba ya bahari kujaa na kupwa hapa bandarini Kilindini inachapishwa mwaka mzima kabla. Mvuvi hata haihitaji, anatazama mwezi tu: ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua imefika, na maji makuu hapa kwetu yanajaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri. Tofauti ya kupwa na kujaa siku hizo inapita mita 3. Sasa mtaro unaomwagia kwenye hori ya Tudor, ule mkono wa bahari unaoingia bara, mdomo wake ukiwa chini ya maji ya bahari, utamwaga wapi? Haumwagi. Maji ya mvua yanagonga ya bahari, yanasimama, kisha yanarudi nyuma mpaka yapate mlango ulio chini. Milango hiyo ni yetu, sisi wa Mshomoroni na wenzetu wote wa mabondeni. Mvua ya pwani tena hupenda kushuka usiku kuelekea alfajiri. Mvua kubwa, alfajiri, siku ya bamvua: hesabu hii inahitaji mhandisi kutoka ng'ambo?

Haya, tupige na nyingine. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 5000. Hiyo ni nyumba moja. Zidisheni kwa mtaa mzima wa mabati, ongezeni matofali ya kabro na saruji kila uwanja, wala pa kunywea maji hapakubaki. Zamani palikuwa na minazi na mchanga. Sasa kuna fleti za ghorofa sita, na ukuta wa moja wapo umekatiza palepale maji yalipokuwa yakipita tangu enzi za wazee wetu. Ramani ya ule ukuta iliidhinishwa. Kuna mtu alikaa kitini, akashika muhuri, akaupiga. Huyo ndiye ninayemtaka mimi, simtaki msemaji wa redio.

Nije kwenye kuzibua mitaro, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Msiniambie haizibuliwi kabisa. Inazibuliwa! Vijana wanaletwa na makoleo na viatu vya mpira, wanapigwa picha wakiwa na fulana mpya, wanachota tope jeusi kutoka mtaroni na kulirundika wapi? Pembeni ya mtaro, shibri moja kutoka ukingoni. Lori la kulizoa halionekani. Tope linakauka, kuku wanalipekua, watoto wanapanda juu yake, na mvua ya kwanza ikija inalirudisha lote ndani. Mtu amelipwa kutoa tope, na mvua ikalirudisha bure. Mwaka unaofuata kazi inatangazwa upya kana kwamba tope lile limezaliwa jana. Nikiuita wizi mtasema nina hasira. Ndiyo, ninazo.

Sisi wananchi nasi tunatupa taka, najua, msianze. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, chupa na vifuko vya maji vikabaki, na jirani yangu anavitupa mchana kweupe. Lakini gari la taka likikaa wiki mbili bila kupita, huo mzigo auweke kitandani?

Nimekwenda kulalamika. Ofisi ya kwanza wakaniambia barabara ile si yao, ni ya wale wengine. Wale wengine wakaniambia lami ni yao ila mtaro ni wa wale wa kwanza. Kijana wa mapokezi alikuwa na heshima zake, akanipa kiti, akaandika jina langu kwenye daftari, na daftari likafungwa. Basi someni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni kazi ya kaunti, imeandikwa. Na udhibiti wa majanga umo humo humo. Kama barabara kuu ina mwenye wake, kaeni nao meza moja mwezi wa kwanza jua likiwaka. Mimi mlipa kodi mnanizungusha kwa nini?

Kuna hili pia ambalo halisemwi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Masika inaangukia robo ya mwisho, wakati mifuko imekauka na kila mkubwa anasubiri bajeti mpya. Kazi ya mitaro isipopangwa kati ya Julai na Februari, haifanyiki, au inafanyika mvua ikiwa inanyesha, ambayo ni kuchezea tope.

Mwaka 2023 mnakumbuka? Oktoba nchi nzima ikatangaziwa kwamba El Nino haipo, tulale usingizi. Novemba Pwani ikawa maji matupu. Mimi sikusikia aliyeomba radhi.

Na haya si mambo ya kulowa miguu tu. Mashimo ya vyoo yanafurika, yaliyomo yanaelea mpaka jikoni, halafu watu wanashangaa kipindupindu. Maji yakituama wiki moja mbu wanashukuru. Chikungunya ilivyotukunja viungo kati ya mwisho wa 2017 na 2018 tumeisahau? Waya za umeme zinaning'inia juu ya madimbwi. Maji yanayokimbia yakiwa kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, yakifika 60 yanabeba gari, na asubuhi ya leo nimeona tuktuk imejaa watoto wa shule inavuka palepale kalvati lilipokatika. Mwenye mkokoteni anawavusha watu kwa shilingi 50. Simlaumu, angalau yeye alijipanga.

Mtakaokuja kuniambia "hameni mabondeni" nawajibu mapema. Mwembe Tayari ni bondeni? Digo Road ni bondeni? Huko nako maji yalisimama. Na sisi tunaoishi chini tuliuziwa viwanja, tukalipia, karatasi tunazo.

Sasa kila mmoja aweke hapa mtaa wake, picha, na saa maji yalipoingia, ili tulinganishe na saa za kujaa. Mwenye nakala ya mkataba wa kuzibua mitaro ya mwaka huu ailete tuisome: nani alilipwa, mita ngapi, tope lilitupwa wapi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kuiomba, na barua yangu inaingia Jumatatu, anayetaka kutia sahihi aniambie.

Na wewe wa ofisini unayepita hapa kimyakimya, usiniandikie "tunalishughulikia". Mwezi mpevu ujao tarehe yake unayo. Lile tope la Mshomoroni lililorundikwa ukingoni litakuwa limezolewa au hapana?